Kukata meli chakavu: tanki likipimwa jana, leo halijapimwa

Kijana ninayemfundisha kazi alinijia asubuhi na karatasi ya kipimo cha gesi, akaniuliza kama wenzake waanze kukata. Karatasi ilikuwa ya jana. Nikaona bora niandike.

Hatua ya 1: Orodha ya vitu hatari

Chini ya Mkataba wa Hong Kong, mkataba wa kimataifa wa kukata meli kwa usalama, uliopitishwa 2009 na kuanza kutumika tarehe 26 Juni 2025, meli huja na orodha hiyo, na yadi huandaa mpango wa kuikata meli hiyohiyo, si mpango wa kunakili. Isome, kisha zunguka mwenyewe. Kwenye meli ya zamani, kila kilichovishwa bomba linalopata joto kihesabu kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Asbesto hulowanishwa kwanza, hutolewa na waliofunzwa, na hutoka kabla ya mkataji yeyote kuingia.

Hatua ya 2: Mahali

Katia kwenye chelezo, yaani gati kavu. Najua meli nyingi huvutwa ufukweni maji yakijaa, lakini kinachodondoka kwenye tope huondoka na maji yakipwa, nawe huna pa kukiokotea.

Hatua ya 3: Mafuta

Nyonya yote, pamoja na maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini kabisa mwa meli. Hii unaijua.

Hatua ya 4: Gesi

Hapa tusiharakishane. Tarehe 1 Novemba 2016, huko Gadani, Pakistani, meli ya mafuta ililipuka ikiwa inakatwa, wakafa watu zaidi ya 20. Tanki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko tanki lililojaa mafuta.

Anza kwa kupima oksijeni. Si mazoea tu: vipima vingi vya gesi za kulipuka vinahitaji oksijeni ndipo visome. Kwenye tanki lililojazwa gesi ajizi, ile isiyowaka, kipima kinaweza kukuonyesha sifuri huku mvuke umejaa tele. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9. Ukisoma 20.5 usiseme "imekaribia". Huenda kutu imeila, au gesi nyingine imechukua nafasi yake, na kama ni gesi, pengo hilo dogo maana yake imejaza karibu asilimia 2 ya hewa yote ya mle ndani, kwa kuwa oksijeni ni kama sehemu moja tu kati ya tano za hewa. Tafuta ni nini.

Kisha pima gesi za kulipuka. Mimi siingizi mtu mpaka zisome chini ya asilimia 1 ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kushika moto. Mwisho sumu, hasa haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza halafu inaiua pua usiisikie tena. Shusha mpira wa kipima juu, katikati na chini kabisa, pembe zote, ukiwa bado nje. Kupima mdomoni mwa tundu ni kujidanganya.

Feni ipeleke hewa hadi sakafuni kwa bomba la turubai, la sivyo hewa itazunguka juu na kutoka. Napendelea feni za upepo wa kompresa kuliko za umeme. Na usithubutu kupoza watu kwa kufungulia oksijeni ya mtungi! Nguo zikishanywa oksijeni, cheche moja inatosha.

Sasa kilichonigharimu siku nzima. Tanki lilipita kipimo kila kina, tukawasha moto wa kukatia. Nusu saa baadaye kipima kikaanza kulia. Tukatoka, tukapiga feni, kikatulia. Tukarudi, kikalia tena. Jioni ndipo nilipoinama na tochi chini ya mabomba ya kupashia mafuta joto, nikabandua gamba la kutu kwa bisibisi. Nyuma yake palikuwa na tope jeusi, laini kama grisi, bado la vuguvugu. Moto wetu ndio uliokuwa ukiliamsha. Tangu siku hiyo magamba yote hukwanguliwa, sakafu huoshwa, mabomba yenyewe hufunguliwa, na upande wa pili wa ukuta hukaguliwa kabla ya kukata. Kipimo hurudiwa kila zamu, baada ya kila mapumziko, na kipima hubaki kando ya mkataji.

Hatua ya 5: Kukata

Kwangua rangi sentimita 10 kila upande wa mstari wa kukata. Wakienda kula, mipira ya gesi itoke nje ya tanki pamoja nao. Kufunga vali ya kichwa cha kifaa cha kukatia tu hakutoshi, mpira unaovuja hulijaza tanki kimyakimya. Pande kubwa lishikwe na kreni kabla ya mkato wa mwisho.

Hatua ya 6: Kutenganisha

Chuma kiende tanuruni, injini na pampu nzima ziuzwe zilivyo. Nyaya usizichome kutafuta shaba, moshi wa ganda lake una sumu ya dioksini. Tumia mashine ya kumenyea. Ni polepole, lakini shaba hutoka safi na hulipa zaidi.