Umepata spika kubwa? Pima kwanza kabla hujanunua amplifaya

Minada ya korosho ikianza na watu wakishalipwa, swali ninaloulizwa sana hapa kwenye kibanda changu cha ufundi Mtwara mjini ni moja: "Fundi, nimepata spika kubwa, sasa nichukue amplifaya gani?" Mara nyingi namwambia asinunue chochote kwanza, na wengi hawaamini.

Ukubwa wa boksi hauonyeshi spika inataka wati ngapi. Spika kubwa nyingi huimba kwa nguvu zaidi kuliko ndogo zikiwa kwenye amplifaya ileile. Cha kuangalia ni wepesi wa spika kutoa sauti, omu zake (kiasi inavyozuia umeme kupita), na wewe unavyosikiliza. Vyote hivyo unaweza kuvijua nyumbani ukiwa na simu na mita ya umeme ya bei ya kawaida.

Nitaeleza kwa mfano wa mjomba wangu wa Mikindani. Alikuwa na spika ndogo za rafu na amplifaya ya wati 40 kila upande. Akauziwa spika mbili za kusimama chini, zilizotumika, nzima kabisa, na akawa anapanga kutafuta amplifaya ya wati 200.

Hatua ya 1: Soma kibandiko nyuma ya spika

Tafuta namba ya desibeli. Inakuambia spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Spika za zamani za mjomba ziliandikwa 86, hizi kubwa 90. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hapo, mahitaji ya wati yanapungua kwa nusu. Kwa desibeli 4, wati 10 zilizokuwa zinahitajika zinashuka hadi 4 tu kwa sauti ileile. Yaani spika kubwa ndiyo nyepesi.

Kama ni boksi la kuchongesha kwa seremala na halina kibandiko, funga spika ya zamani kushoto na mpya kulia, weka taarifa ya habari, kisha hamisha sauti upande mmoja hadi mwingine kwa kitufe cha balansi, bila kugusa volumu. Sauti ya mtu akisoma habari inalinganishwa kwa urahisi kuliko muziki. Ila hakikisha kwanza omu za spika hizo mbili zinalingana, la sivyo sikio litakudanganya.

Hatua ya 2: Pima omu. Hapa usiharakishe

Toa nyaya za spika kwenye amplifaya, weka mita kwenye omu, gusa ncha mbili za spika. Spika ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 husoma kama 3 na ushee. Mita husoma chini kidogo ya kilichoandikwa kwa sababu inapima waya wa koili tu, bila muziki kupita.

Halafu angalia nyuma ya amplifaya, kwenye tundu za spika. Kama pameandikwa omu 6 hadi 16 na spika yako inasoma 3, usiifunge. Omu zikishuka, mkondo wa umeme unapanda, na transista, vile vipande vya ndani vinavyokuza sauti, zinapata joto ambalo hazikutengenezewa. Kwa joto letu la Desemba, ndani ya kabati la TV lisilopitisha hewa, haichukui muda.

Wanaoumia zaidi ni wale wanaoongeza spika badala ya kubadilisha. Nilishaletewa amplifaya imeungua transista za pande zote mbili. Mwenyewe alisema kwa uhakika kuwa spika zote ni za omu 8, na ni kweli, kila moja ilikuwa ya omu 8. Lakini alifunga mbili kwenye tundu moja, na omu 8 mbili zikikaa sambamba zinakuwa omu 4. Mashine yake ilitaka 6 kwenda juu.

Hii ya omu kuwa chini ya kiwango ndiyo sababu nzito kuliko zote za kubadilisha amplifaya.

Hatua ya 3: Pima wati unazotumia kweli

Pakua kwenye simu sauti ya majaribio ya hezi 60, iliyorekodiwa desibeli 12 chini ya kilele (-12 dB). Programu za kutengeneza toni pia zinakuruhusu kuchagua kiwango hicho.

Funga spika zako za siku zote. Volumu ya simu iwe juu kabisa, na besi iache pale unapoiachaga. Piga wimbo unaoupenda, pandisha volumu ya amplifaya hadi kiwango cha juu kabisa unachowahi kusikilizia. Usiiguse tena. Simamisha wimbo, zima amplifaya, toa nyaya za spika na hakikisha ncha hazigusani. (Kama amplifaya yako ni ya valvu, ile ya zamani yenye mirija ya kioo inayowaka, usifanye kipimo hiki. Ile haiwashwi bila spika.)

Washa tena, piga ile toni, weka mita kwenye volti za AC, gusa tundu nyekundu na nyeusi ya upande mmoja. Namba utakayopata izidishe mara 4, kwa sababu desibeli 12 chini ni robo ya volti. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha gawa kwa omu zilizoandikwa kwenye spika.

Kwa mjomba mita ilisoma volti 2.2. Mara 4 ni 8.8. Hiyo kwa yenyewe ni 77, gawa kwa 8, inakuja chini kidogo ya wati 10. Hicho ndicho kilele cha muziki wake mkubwa kabisa sebuleni. Kwa spika mpya zenye desibeli 4 zaidi, wati 4 zinamtosha. Mjomba alinitaka nipime tena upande wa pili, nikapima, ikawa vilevile.

Kutoka wati 40 kwenda 80 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kidogo. Ili muziki usikike mkubwa mara mbili unahitaji wati kama mara 10. Mtu anayeuza mashine ya 40 anunue ya 60 anapoteza pesa ya jasho, na hilo linaniuma kila ninapoliona.

Hatua ya 4: Toka nje, upime tena kwa kichwa

Mjomba alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema mwanzoni: alitaka muziki uani siku ya mwali kutoka. Hapo hesabu inabadilika. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6, yaani unahitaji wati mara 4. Sebuleni alikuwa anakaa mita 2 kutoka kwenye spika. Uani watu watakaa mita 8. Wati 4 zinakuwa 64 au zaidi, na mashine yake ina 40.

Akiilazimisha, kilele cha muziki kinakatika. Utasikia ngoma zinapasuka na sauti ya juu inakuwa kali. Umeme huo uliokatika ndio unaounguza twita (kispika kidogo cha sauti za juu), na ndiyo maana mashine ndogo iliyobanwa inaua spika kubwa. Nilimshauri akodi muziki siku hiyo moja. Amplifaya ya nyumbani ya kununua kwa ajili ya sherehe moja sioni faida yake.

Hatua ya 5: Kama kweli unanunua

Chukua wati ulizopata kwenye hatua ya 3, zirekebishe kwa desibeli za spika mpya, kisha zidisha mara mbili. Angalia wati za RMS, yaani zile mashine inazotoa mfululizo, kwa omu za spika zako. Namba ya PMPO kwenye katoni, ile kubwa ya kuvutia wateja, iache. Katoni ikisema wati 5000 na nyuma kuna fyuzi ya ampea 2, hesabu mwenyewe: volti 230 mara 2 ni 460, na hizo ni za kuingia, nyingine zinapotea kama joto.

Hatua ya 6: Waya

Hewa ya bahari huku kwetu inageuza shaba kuwa ya kijani. Kata ncha zilizooza, chuna upya. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 ukiuvuta mita 10 unaongeza karibu nusu omu njiani. Wa 2.5, huu wa soketi, unaongeza kama 0.14. Mjomba alinunua huo wa 2.5, ndiyo gharama yake yote.

Ukishafunga, anza na volumu sifuri, pandisha polepole. Baada ya nusu saa ya muziki weka kiganja juu ya kava la amplifaya. Ukiweza kukiacha hapo ukihesabu hadi kumi, endelea kusikiliza. Ukishindwa, zima, iache ipoe, na urudi hatua ya 2.