Namna ya kuigundua zabuni ya kusindikiza

Zabuni ya kusindikiza ni ile inayoletwa kwa mapatano ili ishindwe, mwenzake apate kazi. Zabuni tatu za kujenga madarasa Wete, Pemba, zimefunguliwa. Bei za jumla zimepishana, na ya chini iko karibu na makadirio ya mhandisi. Kamati ikiishia hapo imeshakula chambo. Waliokula njama huipamba jumla kwa kuwa ndiyo inayosomwa mbele za watu. Bei za kipengele kimoja kimoja huwachosha, na huko ndiko pa kuwafuata.

Ingizeni bei zote kwenye Excel, kila mzabuni safu yake, kisha gawanyeni bei za wa pili kwa za wa kwanza. Waliokokotoa kila mtu kwake hutoa majibu yanayorukaruka: 0.83 kwenye kuchimba msingi, 1.21 kwenye plasta, 1.02 kwenye paa. Tuseme sasa mita moja ya ujazo ya zege ni shilingi 412,000 kwa mmoja na 436,720 kwa mwengine. Hiyo ni mara 1.06. Ikijirudia 1.06 kwenye milango, rangi na paa, aliyeshika kalamu alikuwa mmoja.

Msihukumu kwa saruji na nondo peke yake. Kisiwani watu hununua kwa wauzaji walewale na mzigo huvuka bahari ileile, kwa hiyo bei hizo kukaribiana si ajabu. Tazameni ufundi, usafirishaji wa mitambo na faida. Kosa moja la hesabu lililojitokeza katika zabuni mbili lina uzito zaidi, hali kadhalika dhamana za benki zenye namba zinazofuatana.

Mkiona dalili, msiwaite wazabuni kuwauliza. Mtawapa nafasi ya kutunga majibu. Fungieni nakala halisi pamoja na bahasha zake, andikeni mlichokiona bila kutia tuhuma, mkuu wa taasisi apelekewe na ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, ijulishwe. Mjumbe mwenye ndugu au mkwe katika kampuni mojawapo atamke kabla ya tathmini na atoke. Visiwani tunajuana mno, kutamka si aibu.

Mkandarasi naye hufuatwa na wenye njama zaidi siku ya kutembelea eneo la kazi. Asikae "kusikiliza tu", wala asipokee fedha ili asirudishe zabuni: kujitoa kwa malipo nako ni njama. Aandike siku, saa na maneno aliyoambiwa. Mwenye mradi azibe mwanya huo kwa kuipa kila kampuni karatasi yake ya kusaini, si daftari moja linaloonesha nani anashindana na nani.