Jinsi ya Kuiga Mgongano wa Galaksi kwa Kompyuta

Mwaka 1941, mwanaastronomia Erik Holmberg wa Sweden alipotaka kujua nini hutokea galaksi mbili, yaani makundi makubwa ya nyota, zinapopishana kwa karibu, alipanga taa 74, yaani 37 kwa kila galaksi, akapima mwanga badala ya mvutano, kwa kuwa vyote viwili hupungua kwa mraba wa umbali. Aliyekaa usiku ufukweni Mikindani akitazama taa za wavuvi zikififia kadiri wanavyosogea mbali ameshaiona kanuni hiyo.

Leo kompyuta ya kawaida yenye lugha ya programu ya Python yatosha. Usianze na galaksi. Anza na Jua na Dunia. Kokotoa mvutano, badilisha kasi kwa nusu hatua ya muda, sogeza Dunia hatua nzima, kokotoa mvutano upya, kisha kamilisha nusu ya kasi iliyobaki. Mzunguko huu wa hatua unaonekana wa kuchosha, lakini ukiuruka na kutumia njia ya mkato, Dunia itajitenga na Jua polepole bila sababu yoyote ya kifizikia. Kwa hiyo, kila mara jumlisha nishati mwendo na nishati tuli (ile itokanayo na mvutano): jumla ikipanda au kushuka mfululizo, usiyaamini matokeo hata picha ikipendeza namna gani.

Unapoongeza nyota, ongeza pia urefu mdogo katika fomula ya umbali, ili nyota mbili zikikaribiana mno zisirushane kwa nguvu isiyo na kipimo. Nyota 1,000 zina jozi 499,500 za kukokotoa kwa kila hatua, na nyota 10,000 zina karibu milioni 50. Hapo ndipo mbinu ya Barnes na Hut ya mwaka 1986 inapofaa: kundi la mbali huhesabiwa kama kitu kimoja, kama vile aliye mbali baharini anavyoiona Mtwara nzima kuwa nuru moja. Hifadhi hali ya programu mara kwa mara, maana umeme haubishi hodi unapokatika.

Uigaji wa Millennium wa mwaka 2005, ulioiga ukuaji wa ulimwengu, ulikuwa na chembe zaidi ya bilioni 10. Huo huwezi kuurudia nyumbani. Hata hivyo, data za IllustrisTNG, uigaji mwingine mkubwa wa galaksi, hutolewa bure kwa anayejisajili, nawe waweza kupakua galaksi moja tu, usimalize bando, ukailinganisha na yako.