Kulinganisha maisha ya Kenya na Tanzania bila kudanganywa na takwimu

Amua kwanza unamlinganisha nani na nani. Mwalimu wa Mombasa na mwalimu wa Tanga wanalinganishika. "Mkenya" na "Mtanzania" wa jumla jumla hawalinganishiki.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuchukua asilimia ya umaskini kwenye ripoti ya kila nchi na kuziweka bega kwa bega. Utafiti wa kaya wa Kenya wa 2015/16 ulitoa asilimia 36.1, ule wa Tanzania Bara wa 2017/18 ulitoa 26.4. Ukiishia hapo, Tanzania ina nafuu. Sasa soma mstari wa umaskini wenyewe, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini. Kenya iliuweka kwenye Sh 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi vijijini na Sh 5,995 mijini. Tanzania iliuweka kwenye Sh 49,320 za Tanzania. Shilingi moja ya Kenya wakati huo ilikuwa kama 22 za Tanzania, kwa hiyo mstari wa Kenya kwa shilingi za Tanzania ni takriban Sh 71,500 kijijini na Sh 132,000 mjini. Mstari wa Kenya uko juu zaidi, na hata bei za juu za Kenya haziondoi pengo lote. Kwa kipimo kimoja cha Benki ya Dunia, cha dola 2.15 kwa siku kwa bei zilizosawazishwa kati ya nchi, Tanzania ndiyo iliyokuwa na asilimia kubwa ya maskini. Kipimo hicho kilipandishwa hadi dola 3.00 Juni 2025, kwa hiyo usichanganye jedwali la kabla na la baada.

Pato la taifa lishike kwa tahadhari. Mwaka 2014 Kenya ilibadili mwaka wa msingi wa hesabu zake, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia pato, pato likapanda kwa karibu robo, wala hakuna mfuko wa mtu uliotuna. Mfululizo ukiruka ghafla, tafuta sababu ya namna hiyo kwanza.

Penye mavuno ni tafiti za afya za kaya. Nchi zote mbili zilifanya mwaka 2022, kwa maswali yanayofanana. Udumavu, yaani ufupi uliopitiliza kwa umri, wa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 18 Kenya na 30 Tanzania. Usiishie kwenye wastani: Kilifi ya Kenya ilikuwa na 37, na Iringa ya Tanzania, mkoa unaolisha wengine mahindi, karibu 57. Mahindi ghalani si lishe kwa mtoto.

Kisha tengeneza kapu la bei, yaani orodha ya bidhaa zilezile kwa nchi zote mbili, na bei zote zichukuliwe wiki moja. Geuza kila kitu kuwa kwa kilo: unga Kenya huuzwa kwa pakiti ya kilo 2, sembe Tanzania hupimwa kwa kilo. Mtungi wa kati wa gesi ni kilo 13 Kenya na 15 Tanzania. Ukilinganisha mtungi kwa mtungi umekosea tayari. Mshahara uchukue unaofika mkononi. Kenya hukata kodi ya mapato, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya tozo ya ujenzi wa nyumba.

Kodi ya pango la nyumba ina mtego wake. Nairobi hulipwa kwa mwezi pamoja na amana. Dar es Salaam wenye nyumba wengi hudai miezi sita au mwaka mzima mkupuo. Gawanya kwa miezi, halafu andika pembeni kiasi ambacho mpangaji anapaswa kuwa nacho siku ya kwanza. Mara nyingi hicho ndicho kinachomkwamisha.