Mkivutana kuhusu dizaini, wapeni watumiaji waamue

Jamani mlio kwenye timu za dizaini, mkianza kuvutana eti kitufe cha kulipa kwenye app kikae juu au chini, msimalizane kwenye grupu la WhatsApp, huko mtu anasoma tu "hapana" anaona katukanwa. Chukueni skrini zote mbili, ya kitufe juu na ya kitufe chini, bila kusema ipi ya nani, wapeni watu watano wasiohusika kabisa, mama ntilie, bodaboda, yeyote anayelipa kwa simu, waambieni "lipa elfu tano" halafu nyamazeni, msielekeze, angalieni tu kidole kinasita wapi. Watano wanatosha kuonyesha matatizo mengi, Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama tovuti na app ni rahisi kutumia, alishaandika hilo tangu 2000. Na bosi aongee mwisho bwana, akitangulia yeye wote wanaufyata.