Namna ya Kuchora Maisha ya Kipepeo kwa Njia ya Maria Sibylla Merian

Maria Sibylla Merian, mchoraji na mchunguzi wa wadudu aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647, alianza kuchunguza viwavi wa hariri akiwa na umri wa miaka 13, na njia yake bado inamfaa yeyote anayetaka kuchora huku akichunguza.

Mtafute kiwavi akiwa juu ya mmea anaoula, kisha umweke katika kisanduku kinachopitisha hewa, ukimpa kila siku majani mabichi ya mmea uleule, kwa kuwa viwavi wengi hufa njaa kuliko kula majani wasiyoyazoea. Mchore angali hai. Andika tarehe kila anapojivua ngozi, anapogeuka pupa (hatua ya kutulia kabla ya kuwa kipepeo) na anapotoka na mabawa.

Mwishowe ziunganishe hatua zote katika picha moja, kwa rangi za maji, pamoja na mmea wenyewe. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ulipo ukuu wa Merian: katika picha 60 za kitabu chake cha mwaka 1705 kuhusu wadudu wa Suriname, nchi ya Amerika Kusini aliyoifikia mwaka 1699, wadudu wengi wameonyeshwa juu ya mimea. Ikiwa badala ya kipepeo atatoka nyigu au nzi aliyeishi ndani ya kiwavi, mchore naye, kama Merian alivyofanya.