Namna ya Kuchunguza Hasara ya Ubaguzi wa Rangi: Mwongozo kwa Vikundi vya Tanga

Anayetaka kueleza jinsi ubaguzi wa rangi unavyoidhoofisha nchi asianze na chuki iliyomo mioyoni mwa watu, kwa sababu chuki haipimiki. Aanze na milango iliyofungwa, yaani shule, mkopo, ardhi na mshahara, kisha aulize ni nani aliyezuiwa kupita na taifa lilikosa nini. Mjini Tanga kazi hii inaweza kufanywa na wanafunzi au vijana wa mtaa wenye madaftari na mwalimu mmoja.

Anzeni kwa miguu. Tokeni Ras Kazone, walikoishi Wazungu kando ya bahari, mpite katikati ya mji kwenye maduka ya Wahindi, mmalizie Ngamiani, makazi ya Waafrika, ambako barabara zinatajwa kwa namba hadi leo. Andikeni upana wa viwanja, hali ya mitaro, na umbali wa kufika Hospitali ya Bombo.

Mlango wa mkopo ndio unaostahili muda mrefu zaidi, kwa kuwa husahaulika. Enzi ya Waingereza palikuwa na sheria iliyozuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika deni mahakamani, isipokuwa mkopo wenyewe uwe na kibali cha serikali. Ilielezwa kuwa ni ya kumlinda Mwafrika, lakini mwenye duka la jumla angemkopeshaje mtu ambaye hawezi kumshtaki? Chukueni mfano wa kufundishia: muuza duka wa Ngamiani ananunua gunia moja la sukari kwa fedha taslimu, na linapokwisha anafunga duka mpaka apate fedha nyingine, ilhali mwenzake wa Uhindini anapewa magunia kumi na kulipa baada ya kuuza. Wapeni wanafunzi wapige hesabu ya mwaka mzima ya maduka hayo mawili. Wataona kwamba pengo la mali lilitengenezwa na sheria, kwamba uhasama kati ya majirani hao ulikulia humo, na kwamba nchi ilipoteza wafanyabiashara, ajira na kodi.

Kuhusu shule inatosha kueleza kwamba zilitengwa kwa rangi, na kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kuwa Waingereza waliondoka wakiacha madaktari 12 na wahandisi 2 waliosomeshwa.

Baada ya hapo watafuteni wazee waliokuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge, au watoto wao. Msimwulize mzee kama alibaguliwa, maana atawajibu kwa neno moja. Mwamkieni, kaeni, kisha mwulizeni habari za kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi: siku 30 za kazi zilichukua muda gani kujazwa, nani aliyetia alama, na nini kilitokea siku ambayo kazi aliyopimiwa haikukamilika. Sikilizeni pia familia za Wahindi, kwa kuwa nazo zilipangiwa nafasi yao na utawala uleule.

Hapa nawasihi muwe waaminifu. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na kuporomoka kulikofuata kulitokana hasa na kamba za plastiki zilizoshusha bei, pamoja na matatizo ya uendeshaji baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967. Anayebebesha ubaguzi kila anguko anaiharibu hoja yake mwenyewe.

Msiache upande wa pili. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka; maduka na viwanda vikagawiwa watu wasio na uzoefu, bidhaa zikaadimika, na waliotaabika zaidi ni Waganda wa kawaida. Oktoba 1961, wabunge walipotaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi, Nyerere alikataa na kusema serikali yake ingejiuzulu. Uamuzi ule uliinusuru nchi, na vijana wanapaswa kuujua.

Iwapo katika mazungumzo mtu ataeleza kwamba anabaguliwa kazini leo kwa sababu ya rangi yake, msiishie kuandika. Mwonyesheni ibara ya 13 ya Katiba na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kisha mmsindikize Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, kwa kuwa aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake, na kwa migogoro mingine siku ni 60.